Sura ya Nne: Hesabu ya Kopo Moja

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilipeleka matrekta Kongwa kulima karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, mafuta ya kula yalikuwa adimu kwao, na mpango ulikuwa kufyeka na kupanda zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na mvua ikikatika hukauka na kushikamana hadi karanga hazing'oki. Vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta vilishindwa na visiki na mizizi. Januari 1951 mpango ulifutwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea. Wataalamu waliouandaa walikuwa wameizunguka nchi kwa wiki chache mwaka 1946, sehemu kubwa wakiitazama kutoka angani. Shamba dogo la majaribio la misimu miwili, ambalo lingewaonyesha yote hayo kwa gharama ndogo, halikutangulia.

Nimeanza na Kongwa kwa sababu kosa lile hurudiwa kila siku mitaani kwetu, tena na watu wenye akili na bidii. Mtu amepata kiinua mgongo, au ameuza kiwanja, au kikundi kimevunja kibubu. Hatua yake ya kwanza ni kukodi fremu na kulipa pango la miezi sita mbele. Ya pili ni bango. Ya tatu ni mashine. Mteja anakuja kutafutwa wakati mtaji umebaki robo. Katika sura hii nataka tuipange safari upya, na ili tusizungumze hewani, tutaifuata bidhaa moja tangu mwanzo: siagi ya karanga. Malighafi yake inalimwa kwetu, Dodoma, Singida, Tabora, na kusini kuelekea Mtwara. Walaji wake wapo, hasa kwenye nyumba zenye watoto wa shule. Inaweza kuanzia jikoni. Na ina mitego yote ambayo biashara ndogo ya chakula inaweza kuwa nayo. Wewe unaweza kuwa unafikiria sabuni ya maji, achari au ushonaji wa sare. Badilisha majina ya vitu, njia ni ileile.

Anza na kilo tano. Nenda sokoni ununue karanga kilo tano, uzichambue, uzikaange, utoe maganda, uzisage. Katika masoko mengi ya mjini kuna mashine za kusaga karanga kwa malipo ya kilo, kwa hiyo huna sababu ya kununua yako. Pima kila hatua kwa mizani: ulinunua kilo ngapi, ulitupa kiasi gani, baada ya kukaanga zilibaki ngapi, na siagi iliyotoka ni kilo ngapi. Andika kila kitu, na saa ulizotumia pia. Kipimo hiki peke yake kitakuweka mbele ya wengi waliofungua biashara kama yako, maana wengi hawajui kwamba karanga kilo 20 hazitoi siagi kilo 20. Zilizooza na zilizosinyaa hutupwa, maji hupotea kwenye moto, maganda hupepetwa, na mashine nayo hubaki na sehemu yake. Ukipata kilo 17 umefanya vizuri.

Kuchambua kunahitaji maelezo ya pekee, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Karanga na mahindi hushambuliwa na kuvu wanaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Kuvu hao hustawi penye joto na unyevu: karanga zilizovunwa na kuanikwa chini, zilizohifadhiwa kabla hazijakauka sawasawa, au zilizolowekwa maji na mchuuzi ili zimenyeke kwa urahisi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chakula kilichoshukiwa zaidi kilikuwa mahindi. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka, inaharibu ini na huongeza hatari ya saratani. Kukaanga hakuiondoi yote. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya karanga, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Unachoweza kukifanya kwa mikono ni kutupa kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye ukungu, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye punje hizo chache. Kuna wanaozisaga hizohizo kwa hoja kwamba kwenye siagi hazionekani. Ni kweli hazionekani. Anayezila ni mtoto wa mwenzio, na mtu anayefanya hivyo hastahili kuitwa mjasiriamali.

Kwa hiyo mtafute muuzaji mmoja au wawili wa karanga ambao utajua mzigo wao unatoka wapi na umekaushwaje. Bei ya sokoni hushuka mavuno yanapoingia, na hupanda kadiri mwaka unavyosonga hadi msimu mwingine ukaribie. Mtu hushawishika kujaza magunia mengi wakati wa bei nafuu. Ni wazo zuri kwa aliyekwisha kujua anauza kiasi gani kwa mwezi, na ana ghala kavu na mifuko isiyopitisha hewa. Kwa anayeanza, ni kufungia mtaji wote kwenye gunia linaloweza kuharibika.

Sasa tupige hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano. Ziondoe uweke za kwako. Karanga kilo 20 kwa shilingi 3,500 ni 70,000. Chumvi 500. Moto wa kukaangia 6,000. Kusaga kilo 17 kwa shilingi 500 kila kilo ni 8,500. Siagi hiyo itajaza makopo 42 ya gramu 400. Kopo na mfuniko wake kwa 600, jumla 25,200. Lebo kwa 200, jumla 8,400. Nauli ya kwenda sokoni na bodaboda ya kusambaza, 10,000. Tumefika 128,600. Ukigawa kwa makopo 42, kila kopo limekugharimu shilingi 3,062 taslimu.

Bado hatujakulipa wewe. Umechambua, umekaanga, umejaza, umezunguka kwenye maduka, siku mbili nzima. Jiwekee hata 10,000 kwa siku. Jumla inakuwa 148,600, na kopo linafika 3,538. Ukimuuzia mwenye duka kwa 4,500, naye akauza 5,500, faida yako kwa kopo ni shilingi 962, na kwa makopo yote ni kama 40,400. Makopo matatu tu yakirudi kwa sababu mfuniko ulivuja au mafuta yalipanda juu mteja akadhani imeharibika, umepoteza 13,500, theluthi ya faida.

Linganisha na hesabu ambayo watu huipiga kichwani: karanga za gramu 400 ni shilingi 1,400, kopo linauzwa 4,500, faida 3,100! Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya watu waache kazi. Inasahau kopo, lebo, moto, upotevu, nauli na jasho lao wenyewe. Nguvu zako usipozitia kwenye gharama, siku utakapougua au utakapohitaji kuajiri kijana wa kukusaidia utagundua kwamba biashara haina uwezo wa kumlipa mtu yeyote, na kwamba muda wote ule ulikuwa ukiwalipia wateja.

Angalia pia kwamba kopo tupu na lebo vimekula shilingi 800. Vifungashio ndivyo vinavyowatesa wasindikaji wadogo nchini kuliko hata bei ya mazao. Kiwanda kinachonunua makopo kwa maelfu hupata bei ambayo wewe wa makopo 42 huwezi kuipata. Tafuta wenzako mnunue pamoja, hata kama wanatengeneza asali au jamu, mradi kopo ni lilelile. Usikubali kukwepa gharama hiyo kwa kuokota chupa zilizotumika. Kuzisafisha kwa usalama ni kazi ngumu, na mteja akiona chapa ya mtu mwingine kwenye mfuniko wako hatarudi.

Hesabu ikikubali, nenda kwa wanunuzi kabla ya kununua kingine chochote. Waonjeshe watu bure ile siagi ya kilo tano: kazini, kanisani, msikitini, kwenye vikao vya kikoba, kwa mwenye duka la mtaani. Wakisema ni tamu, washukuru na usiandike kitu. Watu wetu wana adabu. Hakuna atakayekuambia usoni kwamba chumvi imezidi. Uliza mambo yanayoweza kujibiwa kwa ukweli. Kwa sasa wananunua siagi gani, kwa bei gani, na kopo moja linamalizika baada ya muda gani? Kisha sema bei yako, na uulize nani anaagiza leo na kutoa nusu ya fedha. Oda iliyolipiwa nusu ina uzito kuliko sifa za mtaa mzima. Kati ya thelathini walioonja, wakiagiza kumi, una kitu. Akiagiza mmoja, ambaye ni shangazi yako, hujapata biashara bado. Rudi jikoni au badilisha bei, kopo, au watu unaowalenga.

Na mwenye duka muulize swali moja zaidi: analipaje? Hapa ndipo biashara nyingi nzuri zinapofia. Duka kubwa halitoi fedha mkononi. Linapokea mzigo kwa mali kauli, linauza, na linakulipa baada ya siku 30, mara nyingine zaidi. Chukua mfano wetu. Ukitengeneza makopo 42 kila wiki na kuyapeleka yote huko, utakuwa umetoa mizigo mitano kabla shilingi ya kwanza haijarudi. Mizigo mitano kwa 128,600 ni shilingi 643,000, ukiachilia mbali chakula chako cha nyumbani. Mtu mwenye mtaji wa laki tatu, bidhaa safi na oda za kutosha anakwama wiki ya tatu, na watu watasema amerogwa. Hajarogwa. Faida anayo, ila iko rafuni kwa mtu mwingine.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuuza sehemu kubwa kwa taslimu, kwa watu wa karibu, ofisini, shuleni na kwenye maduka madogo ya mtaani ambayo hulipa papo hapo hata kama yanachukua makopo matatu tu. Duka kubwa lipe kiasi ambacho kikichelewa kulipwa huwezi kuanguka. Na kila unapoacha mzigo, acha hati ya kupokelea yenye tarehe, idadi na sahihi, hata dukani kwa rafiki yako.

Ukishaona watu wananunua, fanya mambo ya kisheria mara moja, kabla bidhaa haijakaa dukani. Watu wengi huiogopa hatua hii kuliko inavyostahili. Utahitaji namba ya NIDA. TIN hutolewa na TRA bila malipo. Anayekudai fedha kwa ajili yake anakuibia. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao, isipokuwa kama unafanya biashara kwa majina yako kamili. Leseni ya biashara kwa shughuli ndogo hutolewa na halmashauri, chini ya sheria ya mwaka 1972, na huhuishwa kila mwaka. Kwa chakula ongeza vipimo vya afya vya kila anayegusa bidhaa, na ukaguzi wa jiko lako.

Halafu kuna TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia usajili wa vyakula na majengo ya kutengenezea, kazi iliyokuwa ya TFDA. Njia rahisi kwa mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Ofisi zake zipo mikoani. Nenda upate mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho, kisha TBS watakupimia na kukukagua kwa unafuu wa ada katika kipindi cha mwanzo. Hapo ndipo utapata majibu ya maabara kuhusu sumukuvu. Supamaketi haitapokea kopo lisilo na alama ya ubora, kwa hiyo usiihesabu alama hiyo kama pambo.

Lebo nayo iwe kamili: jina la bidhaa, uzito, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jina lako na mahali ulipo. Andika wazi kwamba ina karanga, kwa ajili ya wenye mzio. Andika pia "Koroga kabla ya kutumia", kwa sababu siagi isiyotiwa kemikali hupandisha mafuta juu, na maneno hayo manne yatakuokolea makopo mengi ya kurudishwa.

Kuhusu kodi, jambo moja linalipa kulijua mapema. Kwa mfanyabiashara mdogo binafsi, kodi hukadiriwa kwa mauzo ya mwaka. Mauzo yasipozidi shilingi milioni 4, hakuna kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000. Anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5, daftari linakupunguzia kodi kutoka 100,000 hadi 30,000. Sheria ya fedha huguswa kila mwaka wakati wa bajeti, kwa hiyo ikifika Julai uliza TRA kama kuna kilichobadilika. Lakini daftari halihitaji bajeti. Kila jioni andika kilichoingia, kilichotoka, unachodai, unachodaiwa. Wazee walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na sijaona biashara iliyowapinga.

Daftari liende pamoja na laini ya simu ya biashara, au lipa namba, ambayo haitumiki kununulia vocha, kulipia ada ya mtoto wala kuchangia harusi. Najua ugumu wake. Mwenye biashara katika ukoo wetu huonekana kama ndiye mwenye fedha, na kumnyima shemeji ni kosa kubwa. Ndiyo maana nimesisitiza ile 10,000 ya siku. Hiyo ni yako. Msaidie shemeji kutoka hapo. Ile 128,600 ni karanga za wiki ijayo, na ukiigusa umeuza jiko.

Nimeuacha mtaji hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu swali la "nipate wapi mtaji" lina maana baada ya kujua ni kiasi gani, kwa ajili ya nini, na utarudi lini. Akiba yako na kikoba vije kwanza. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarejeshwa mwaka uliofuata. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kikundi kitakachofika kwake na daftari la miezi mitatu na barua ya SIDO kitasikilizwa tofauti na kinachofika na wazo.

Usiguse mikopo ya kausha damu. Mkopo unaorejeshwa kila siku hauwezi kuilisha biashara inayolipwa baada ya mwezi, hata riba ingekuwa ndogo, na riba yake si ndogo. Unachukua laki mbili Jumatatu, marejesho yanaanza Jumanne, na karanga zako hata hazijakaangwa. Wanawake wamepoteza makochi, majokofu na ndoa kwa mikopo hii, na wengi wao walikuwa wachapakazi wenye bidhaa nzuri. Kama hesabu yako inafanya kazi kwa kausha damu tu, biashara hiyo isubiri.

Mashine inunue mwisho. Utajua wakati umefika pale malipo ya kusagisha kwa mwezi yatakapoikaribia fedha ambayo ungeitenga kila mwezi kuilipia mashine, na wateja wako wakawa wanakungoja wewe badala ya wewe kuwangoja wao. Kwa shilingi 8,500 kwa wiki, bado. Kwa wiki yenye mizigo minane, zungumza na SIDO kuhusu bei, umeme na vipuri. Fremu ya barabarani vilevile: siagi ya karanga haihitaji mlango wa barabarani, inahitaji chumba safi kinachokubalika na mkaguzi.

Wiki hii tafuta mizani ya jikoni, daftari na kilo tano za karanga, au za chochote ulichokichagua, ujaze hesabu ya kopo lako moja kwa bei za soko lako. Ikikataa, ibadilishe mara mbili au tatu. Ikikataa tena, iache bidhaa hiyo bila aibu na ujaribu nyingine, maana hapo utakuwa umetumia kilo tano tu, na mtaji wako bado unao.